Ndege Inapimwa kwa Vidole Viwili



Wengi wenu muliona ile ndege yetu ndogo ikianguka nyuma ya kiwanja cha mpira, na wengi mulicheka. Tangu ile siku munauliza: ni nini iliiangusha? Wengine wanasema ni upepo, wengine eti batri iliisha. Hapana. Nitawaeleza ukweli wote, sababu kosa ni langu.

Ndege hii ilifika ndani ya karto, vipande vipande: mwili, mkia, mabawa ya balsa, ule mti mwepesi sana, tena moteri ya umeme, batri, na vimoteri vine vidogo vinavyoitwa seruvo. Kuiunganisha si kazi ya mbio. Kwanza panga vipande vyote juu ya meza na kuvihesabu, mbele ya kufungua kole. Kisha unganisha mabawa, na uangalie yasijipinde, maana bawa lililojipinda linavuta ndege upande mmoja siku zote. Kisha mkia: kibao cha kulala kiwe sawa na mabawa, na kile cha kusimama kiwe wima.

Seruvo ndizo zinatii telekomandi. Mbili zinageuza vibao vya mabawa, na ndege inainama kushoto ao kuume. Ya tatu inainua na kushusha pua. Ya ine inageuza kibao cha kusimama cha mkia.

Sisi tuliongeza mambo yetu. Magurudumu ya karto yalikuwa madogo, yanazama katika majani ya kiwanja. Tulikata mengine makubwa katika soli ya kandambili. Hayo hayakuleta shida, sababu yanakaa karibu na katikati ya ndege. Lakini tulipoyajaribu, mkia ulivunjika. Mimi niliufunga kwa kijiti na kole nyingi. Nilisema: ni grame 10 tu!

Ndugu mumoja wa darasa la pili akaniambia: “Yaya, tuipime kwanza juu ya vidole.” Nilimujibu: “Wewe mutoto utanifundisha?” Nikaitupa hewani. Pua ikapanda, mwendo ukapunguka, mabawa yakakosa hewa ya kuyabeba, na mulijionea yaliyobaki.

Sikilizeni hesabu. Mkia uko santimetre 50 nyuma ya katikati ya uzito. Grame 10 mara 50 ni 500. Ili kuzishinda kutoka pua, santimetre 20 mbele, inaomba grame 25. Ni kama watoto juu ya ubao wa kupanda na kushuka: mdogo akikaa mbali kwenye ncha, anamuinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati.

Lakini kuongeza chuma katika pua si dawa nzuri huku kwetu milimani. Kwenye metre 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani, karibu sehemu 14 kwa 100. Ndege ikiwa nzito, inapashwa kukimbia zaidi ili ibebwe. Kwa hiyo tuliacha uzito jinsi ulivyo, tukasogeza batri. Ina grame 150. Tuliipeleka mbele santimetre 3 na kidogo, na zile 500 zikalipwa bure.

Kupima ni rahisi. Bawa letu lina upana wa santimetre 18. Kwa ndege ya namna hii, katikati ya uzito iwe kati ya robo na theluthi ya upana, kuanzia ukingo wa mbele: ndiyo santimetre 4 na nusu mpaka 6. Weka batri ndani, tia vidole viwili chini ya mabawa mahali pale, na uinue. Ikilala sawa, ao pua ikiinama kidogo, ni vema. Mkia ukishuka, usiirushe. Kila ukitengeneza kitu, hata kidogo, pima tena.

Tena washa telekomandi kwanza, kisha unganisha batri. Watu wote wasimame nyuma.

Siku ya posho tutairusha tena. Yule ndugu wa darasa la pili ndiye ataiweka juu ya vidole vyake. Akisema hapana, haitaruka.

Ni mimi, mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita