MAFUTA YANAYOVUJA KATIKA RADIATORI NDOGO YA MOTOKARI

Ewe mkulima wa Aveba, wajua ya kuwa shamba peke yake halileti fedha. Sharti mavuno yafike sokoni Bunia, au kwa watu wanaochimba dhahabu, ambao hununua chakula chao. Muhogo mbichi ukisha kung'olewa huharibika katika siku 2 au 3. Motokari ikifa njiani, mzigo wako hufa pamoja nayo. Basi maneno haya si ya shofere tu. Ni ya mwenye magunia pia.

KAZI YA RADIATORI NDOGO

Njia ya Bunia kwa Kagaba na Bogoro ina vilima vingi. Motokari iliyojaa hupanda polepole, upepo ni kidogo, na mafuta ya motere hupata moto sana. Mafuta yakipata moto kupita kiasi huwa mepesi kama maji, wala hayazuii vyuma kusagana. Kwa hiyo watu wengine huongeza radiatori ndogo ya mafuta mbele ya motokari. Mafuta hutoka kwa mpira mmoja, hupozwa na upepo, kisha hurudi kwa mpira wa pili.

Jambo hili ni jema. Lakini kila mpira una viungo 2, na kila kiungo chaweza kuvuja. Tena mafuta hayo husukumwa kwa nguvu na pampu. Tone moja mbele ya nyumba laweza kuwa mfereji mlimani, na mpira ukichomoka, motere hubaki kavu kwa muda mfupi sana.

TAFUTA CHANZO KWANZA

Watu wengi wakiona mafuta chini hushika spana na kukaza kila kitu. Hilo ni kosa. Kiungo kibovu hakiponi kwa nguvu, huzidi kuvunjika. Fanya hivi:

1. Zima motere, ungoje ipoe. Mafuta ya moto huunguza mkono.

2. Pangusa viungo vyote kwa kitambaa safi mpaka vikauke.

3. Paka unga mkavu kidogo, kama unga wa muhogo, nje ya viungo. Usiutie ndani hata kidogo. Usitumie majivu wala vumbi, maana husaga vyuma.

4. Washa motere kidogo, utazame. Unga ukilowa, hapo ndipo chanzo.

Kumbuka: mafuta hushuka chini, na upepo huyapeleka nyuma. Tone lililo chini si chanzo. Tazama mahali palipolowa palipo juu kuliko pote na mbele kuliko pote.

SABABU ZA KUVUJA, NA DAWA ZAKE

Bamba chini ya chujio. Bamba hili hutiwa kati ya motere na chujio cha mafuta, na lina pete ya mpira. Mara nyingi pete ya zamani hubaki imegandamana na motere, na fundi huweka mpya juu yake. Pete mbili hazikai. Zitateleza, na mafuta yatamwagika yote. Ondoa ya zamani, safisha chuma, paka pete mpya mafuta safi, kisha uhakikishe imekaa katika mfereji wake.

Meno ya viungo. Viungo si namna moja. Kiungo ambacho meno yake hupungua unene kuelekea mwisho huziba kwa meno yenyewe, nacho hutaka dawa ya kuzibia. Kiungo chenye meno sawasawa huziba kwa pete yake. Kiungo chenye mdomo kama faneli huziba chuma kwa chuma. Namna hizi mbili za mwisho hazitaki utepe mweupe. Utepe hukatika, na vipande vyake huziba njia ya mafuta ndani ya motere. Usilazimishe meno yasiyolingana.

Shingo ya radiatori. Ni nyembamba, hupasuka upesi. Tumia spana 2: moja ishike shingo isizunguke, ya pili ikaze mpira.

Mipira. Usitumie mpira wa maji. Mafuta huulainisha, huvimba, kisha hupasuka. Nunua mpira uliotengenezwa kwa mafuta ya moto na kwa nguvu ya pampu. Usiupitishe karibu na bomba la moshi, maana mafuta yakidondokea hapo motokari yaweza kuwaka. Usiuache usugue chuma. Uache ulegee kidogo, kwa kuwa motere hutikisika.

KUJARIBU KABLA YA SAFARI

Radiatori na mipira hunywa mafuta. Kwa hiyo washa motere dakika chache, uzime, ungoje kidogo, upime kwa kijiti chake, uongeze yaliyopungua. Asubuhi mafuta yakiwa baridi ni mazito, na nguvu ya pampu ni kubwa. Jaribu saa hiyo. Kisha enda mwendo mfupi bila mzigo, urudi, utazame tena. Weka karatasi ngumu chini usiku kucha. Ikiwa kavu asubuhi, pakia muhogo.

Njiani, taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, simama na uzime motere papo hapo. Usiseme, "Tufike kwanza kijiji kile." Kipande hicho cha njia chatosha kuua motere.

MAFUTA MACHAFU

Usiyamwage mtoni, wala karibu na chemchemi, wala shambani. Yakusanye katika chombo chenye kifuniko, ukipe alama. Chombo hicho kisitiwe tena mawese wala maji ya kunywa, hata kikioshwa mara nyingi.

Basi, mwenye magunia, kabla hujapakia, inama utazame chini ya motokari. Ukiona mafuta, mwambie shofere mngoje. Muhogo ulio bado ardhini wangoja bila kuoza, uliong'olewa haungoji.