Boti ya Watu Wawili Katika Visiwa vya Karibi

Wanandoa wanaohamia kwenye boti ya tanga na kuzunguka visiwa vya Karibi hudhaniwa kuwa wanashinda safarini. Ukweli ni kwamba siku nyingi boti yao imetia nanga. Kutoka Kingstown, Saint Vincent, hadi kisiwa cha Bequia ni kama maili 9 tu za baharini; ukiondoka asubuhi, chakula cha mchana unakula ghubani, na hapo unaweza kukaa wiki mbili. Anayetaka kuyaelewa maisha haya aangalie kazi zinazofanyika boti ikiwa imetulia, na aangalie nani anazifanya.

Tuanze na upepo. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kaskazi na kusi kupokezana. Karibi hakuna kupokezana: upepo unatoka pande za mashariki karibu mwaka mzima, na majira ya Krismasi huongeza nguvu. Visiwa kama Grenada, Saint Lucia na Dominica ni milima ya volkano iliyojipanga kutoka kusini kwenda kaskazini, ikikinga upepo huo pamoja na mawimbi ya Atlantiki. Ndiyo maana Admiralty Bay ya Bequia, Rodney Bay ya Saint Lucia na Prince Rupert Bay ya Dominica, maghuba yanayopendwa na mabaharia, yote yanatazama magharibi. Boti iliyotia nanga huelekeza omo kwenye upepo, hivyo omo hutazama mashariki siku nenda siku rudi. Dirisha la omo likiachwa wazi, hewa inaingia hadi kitandani. Alasiri jua linapiga tezini, mahali wanaposhinda wakaaji, na ikifika saa tisa ni lazima mmoja afunge turubai upande huo, la sivyo ndani hapakaliki.

Kazi inayotaka watu wawili kuliko zote ni kutia nanga. Mmoja anasimama omoni, mwingine yuko kwenye usukani, na kati yao kuna mita kumi za upepo na mngurumo wa injini. Kupayuka hakusaidii, kwa hiyo wanasemezana kwa mikono: kidole mbele ni songa, ngumi ni simama. Wanatafuta mchanga, unaoonekana mweupe chini ya maji. Doa jeusi ni mwamba au nyasi za bahari. Nanga huteleza juu ya nyasi, na ikizing'oa inaharibu malisho ya kasa. Kisha hesabu: kina cha maji mita 5, omo juu ya maji mita 1.5, jumla mita 6.5. Mnyororo uwe mara tano ya hapo, yaani zaidi kidogo ya mita 32. Karibi hesabu hiyo haivurugwi na maji kujaa na kupwa, maana sehemu nyingi tofauti haizidi nusu mita. Kwetu Unguja, wakati wa bamvua, tofauti hukaribia mita 4. Mnyororo ukishalala, injini inarudishwa nyuma taratibu hadi nanga ijizike, halafu mmoja anavaa miwani ya kuogelea na kwenda kuiangalia kwa macho yake.

Katika boti nyingi mume hushika usukani kila siku, mke akabaki na mnyororo na jiko. Mgawanyo huo ukiwa wa kudumu mimi naupinga kabisa. Boti hii ina mabaharia wawili tu. Safari ya usiku mmoja analala, mwingine yuko zamu. Aliyezoea usukani akiugua au akitumbukia, aliyebaki ndiye wa kushusha tanga, kuwasha injini, kugeuza boti na kuomba msaada kwenye chaneli 16 ya redio. Mambo hayo hayajifunzwi saa nane za usiku. Nguvu za mwili si kisingizio, kwa kuwa mnyororo siku hizi huvutwa na mota. Wabadilishane kila wanapohama ghuba. Na aliye zamu ajifunge mkanda wa usalama, asiende omoni kabla hajamwamsha mwenzake.

Umeme nao una ratiba yake. Paneli za sola hujaza betri adhuhuri, na hapo ndipo mashine ya kusafisha maji ya bahari inapowashwa. Husukuma maji kwenye utando mwembamba kwa shinikizo la takriban mara hamsini ya lile la hewa tunayoivuta, ili chumvi ibaki nje. Haiwashwi kwenye bandari chafu, maana mafuta huua utando huo.

Karatasi ni kazi nyingine. Ukifuata visiwa kutoka Grenada hadi Antigua unapita Saint Vincent, Saint Lucia, Martinique, Dominica na Guadeloupe, na kila unapoingia unapandisha bendera ya njano hadi forodha na uhamiaji wamalizane nawe. Martinique na Guadeloupe ni za Ufaransa, unatumia yuro. Kwingineko njiani ni dola ya Karibi Mashariki, ambayo tangu 1976 hubadilishwa 2.70 kwa dola moja ya Marekani.

Juni 1 hadi Novemba 30 ni msimu wa vimbunga. Wengi hukimbilia Grenada, kwenye latitudo 12, au Trinidad iliyo kusini zaidi. Kinga ya Grenada si kamili: kimbunga Ivan kiliibomoa mwaka 2004, na Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kilipiga kisiwa chake cha Carriacou, kikavunja boti zilizokuwa zimejificha ndani ya mikoko ya Tyrrel Bay. Onyo likitoka, matanga yote yanateremshwa, kamba zinaongezwa, kisha watu wanashuka nchi kavu. Boti hulipwa na bima, mtu halipwi.

Mkipanga kwenda, kodini kwanza boti kwa wiki moja, na kila mmoja aiongoze siku nzima, tangu kung'oa nanga hadi kuitia tena. Mmoja wenu akikataa kushika usukani siku hiyo, msinunue boti.