Mboga Leo ni Nini?

Ukiingia nyumba yoyote ya Tanzania saa saba mchana ukauliza mboga leo ni nini, utajibiwa maharage, mchicha, dagaa au nyama ya ng'ombe, na hakuna atakayeona kwamba jibu la mwisho limetoka nje ya swali. Mboga kwetu ni chochote kinachoteremsha ugali. Ndiyo maana binti wa dada yangu, anayesoma chuo kikuu, alipomtangazia bibi yake likizo iliyopita kwamba siku hizi yeye ni "mla mboga", bibi alimtazama akasema, "Kwani sisi wengine huwa tunakula ugali mtupu?"

Tulicheka mpaka mwenyewe akacheka. Kisha akanigeukia: "Mama mdogo, wewe ndiye afisa lishe. Mwambie bibi maharage yana protini kama nyama."

Yanayo, kwa namna fulani. Gramu 100 za maharage makavu zina protini inayozidi gramu 20, kiasi kile kile cha steki mbichi. Lakini maharage makavu hayaliwi. Yakishachemka na kunywa maji, gramu 100 zilizoko sahanini zinabaki na protini gramu nane au tisa. Hata hivyo, sioni sababu ya kugombania protini. Mahindi yana upungufu wa kiambata kiitwacho lisini, ambacho maharage yanacho kwa wingi. Maharage yamepungukiwa kiambata kingine, methionini, na mahindi yanaifidia. Aliyebuni makande hakuwa na maabara, ila alilimaliza suala hilo. Mwandishi wa Marekani, Frances Moore Lappé, aliandika mwaka 1971 kwamba asiyekula nyama lazima achanganye vyakula vya namna hiyo katika mlo mmoja. Miaka kumi baadaye alikiri kwamba alikaza mno. Mtu mzima anayeshiba, na ambaye jamii ya kunde haikosekani jikoni kwake, protini haimpi shida.

Shida iko kwingine, na kila ninapoulizwa kuhusu kuacha nyama narudi Embu, Kenya.

Mwaka 1998 watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzao wa Kenya, walichagua shule 12 za msingi katika vijiji vya Embu. Chakula cha kule ni githeri, ndugu yake makande. Shule tatu zilipewa githeri iliyoongezwa mafuta. Tatu zikapewa githeri na glasi ya maziwa. Tatu nyingine githeri yenye nyama ya kusaga, gramu 60 hivi mwanzoni na 85 baadaye, yaani kipande cha kutosha kiganja cha mtoto. Nguvu iliyomo katika milo yote mitatu ililinganishwa, ili asije mtu akasema kundi fulani lilishiba zaidi. Shule tatu za mwisho hazikupewa chakula. Familia za watoto hao zililipwa mbuzi wa maziwa utafiti ulipokwisha. (Mimi huwa nawaza kwamba huenda hao ndio waliofaidi kuliko wote.)

Kazi hiyo ilichukua miaka miwili. Watoto wa githeri ya nyama waliongezeka msuli wa mkono karibu mara mbili ya wale wasiopewa kitu. Katika jaribio la kufikiri kwa kutumia picha waliwaacha wenzao wote, na kwenye hesabu waliwazidi wale wasiopewa chakula. Wakati wa mapumziko ndio waliokimbia zaidi na kuongoza michezo. Maziwa yaliwasaidia kimo watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa, lakini katika lile jaribio la kufikiri hayakuonyesha faida. Damu ilipopimwa, kati ya virutubisho vyote vilivyochunguzwa kimoja tu ndicho kilichopanda waziwazi: vitamini B12, kwa waliokula nyama na kwa waliokunywa maziwa pia. Sasa, kama B12 ilipanda kwa makundi yote mawili, mbona akili ilichangamka kwa moja? Huenda ni zinki na madini ya chuma vya kwenye nyama, ambavyo mwili huvichukua kwa urahisi. Lakini Embu ina malaria, na malaria huvuruga vipimo vya chuma. Fundo hilo halijafunguka vizuri hadi leo.

Mwaka 2005 mmoja wa watafiti hao, Lindsay Allen, alisema katika mkutano wa wanasayansi huko Washington kwamba kumlea mtoto bila chakula chochote kitokanacho na mnyama si uadilifu. Moto ukawaka. Hata mwanamuziki Paul McCartney, ambaye ameacha nyama kwa miaka mingi, alijitokeza kumpinga. Nikisoma malumbano yale naona pande zote mbili zilimruka mtoto wa Embu. Yeye hakuchagua kuacha nyama. Nyama ilikuwa haifiki. Na utafiti haukushindanisha nyama na mlo wa mimea uliopangwa vizuri. Ulishindanisha githeri tupu na githeri yenye kitu. Mtoto wa London ambaye wazazi wake hawali nyama ana maziwa ya soya yaliyoongezwa B12, machungwa na vidonge. Wa Embu akinyimwa nyama anaongezewa githeri ile ile.

Nirudi kwenye B12, maana hapo ndipo wala mboga wengi wanapojidanganya. Vitamini hii haitengenezwi na mmea wala na mnyama. Hutengenezwa na bakteria, kisha wanyama wanaihifadhi mwilini, nasi tunaipata kwenye maini, nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kisichoonekana kwa macho. Mlonge hauna. Mchicha hauna. Spirulina, ule unga wa kijani kibichi unaouzwa kwa bei ya kutisha, una kitu kinachofanana nayo lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Ujanja wa B12 ni kwamba ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Mtu anaacha nyama, mayai na maziwa leo, mwaka wa kwanza anajisikia mwepesi, wa pili anawahubiria jirani, halafu baadaye sana ndipo ganzi inapoanza kwenye nyayo. Mishipa ya fahamu ikiachwa iharibike kwa muda mrefu, si lazima irudi kama ilivyokuwa.

Chuma nacho kina hadithi yake, na hii inawahusu hata wala nyama. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa nchini Tanzania wana upungufu wa damu. Chuma si sababu pekee, ila ni mojawapo kubwa. Chuma cha kwenye maharage na mboga za majani mwili hukipokea kwa kusitasita, na chai ikinywewa pamoja na chakula, zaidi ya nusu ya kile ambacho kingeingia inaweza kupotea. Nilitazama sahani ya binti yetu siku ile: ugali, maharage, kikombe cha chai ya rangi pembeni. Nikakiondoa kikombe, nikamkamulia nusu ya limau juu ya maharage. Vitamini C inafungua mlango ambao chai inaufunga. Chai inywewe saa moja baadaye, haina kosa. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake kunasaidia pia, na ndivyo ilivyo kwa kimea katika uji.

Kwa wale wa nyama choma kila Ijumaa sina mengi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao Lyon, liliweka nyama za viwandani kama soseji na bekoni kwenye kundi moja na sigara. Watu wakaelewa kwamba soseji inaua kama sigara. Kundi hilo linaeleza uthabiti wa ushahidi, si ukubwa wa madhara. Gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Ni sababu tosha ya kutomfungia mtoto soseji ya shule kila asubuhi wakati yai lipo.

Binti yetu mayai anakula, na maziwa anakunywa, kwa hiyo nimemwacha na mboga zake. Nimemwambia siku atakapoviacha na hivyo anipigie simu kwanza, tuanze vidonge vya B12 kabla akiba haijaisha. Bibi amekubali kumtengea sufuria yake ya maharage. Ila juzi nimemkuta akiyaunga kwa supu ya kongoro, na nilipomuuliza akaniambia kongoro ni mifupa, mwanangu, nyama iko wapi hapo?