Mpini wa mfupa: kahawia ipi itakifaa kisu chako?

Kisu cha kukunja kikianguka juu ya sakafu ya saruji, aghalabu bapa husalimika na mpini ndio unaopasuka. Hapo ndipo wewe, ndugu msomaji, unapotambua kwamba kile kipande cha kahawia ulichokishika miaka yote ni mfupa wa ng'ombe uliotiwa rangi. Kuchonga kipande kipya na kukifunga kwa ribiti si kazi ngumu kwa mtu mwenye msumeno, tupa na subira. Shida huja baadaye, pale upande mpya, mweupe kama jino, unapotazamana na upande wa zamani ulioshikwa na marehemu baba yako kila siku. Rangi ikikosewa, kisu hicho hakitakuwa tena kile alichokuachia.

Kahawia hiyo haikuanza kwa bahati. Mafundi wa visu wa Sheffield, Uingereza, ambao chama chao kiliundwa kwa sheria mwaka 1624, walithamini sana pembe za ayala, hususan yule wa India aitwaye sambar. Pembe hizo zina mabonde ya kahawia iliyokolea na matuta yaliyopauka. Walithamini pia pembe za ndovu, na nyingi kati ya hizo zilitoka barani kwetu kwa njia ya Zanzibar. Mfupa ulikuwa badala ya mtu wa kipato kidogo: ukiachwa mweupe ulijifanya pembe ya ndovu, na ukichongwa vijishimo na kutiwa kahawia ulijifanya pembe ya ayala. Baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1989 mataifa yaliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliotoa pendekezo hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 India ikazuia pembe za ayala wake zisiuzwe nje. Mwigaji akabaki uwanjani, na leo anatafutwa kwa jina lake mwenyewe. Kampuni ya Case, iliyoko Bradford, Pennsylvania, tangu mwaka 1905, huutambulisha mfupa kwa namba: namba ya kisu ikianza na 6, mpini ni wa mfupa, ikianza na 5, ni wa pembe ya ayala.

Watengenezaji huziita kahawia zao kwa majina matamu, kama vile kaharabu au chestnut. Usiyategemee. Hata sisi tunayo kahawia, hudhurungi na maji ya kunde, na watu wawili wakiambiwa hudhurungi kila mmoja ataona yake. Anayeamua hasa ni mfupa wenyewe. Mfupa wa muundi ni mgumu na mzito kwa nje, lakini ukikaribia uboho una vitundu kama sifongo. Sehemu ya vitundu hunywa rangi haraka ikawa nyeusi, wakati sehemu ngumu ndiyo kwanza inaanza kupata manjano. Basi chonga mpini kutoka upande wa nje wa mfupa, ukae sawa kote.

Kabla ya rangi kuna mafuta, na hapa ndipo wengi huharibu. Palipo na mafuta rangi haiingii, utapata madoa kama ramani. Toa uboho wote, kisha upashe mfupa moto taratibu katika maji ya sabuni, ukibadilisha maji mpaka yasionyeshe tena mafuta. Usiuchemshe kwa fujo siku nzima, kwani utadhoofika. Mfupa uliokwisha kutumika kwa supu mara tatu haufai mpini. Uanike kivulini kwa siku nyingi, maana jua kali huupasua. Wakati wa kukata na kupiga msasa, funga pua na mdomo na uifanyie kazi nje, mbali na watoto. Vumbi la mfupa si zuri kwa mapafu.

Sasa rangi. Ya kwanza iko jikoni. Watu wa pwani huiita chai isiyo na maziwa chai ya mkandaa, kwa jina la ule mkoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu, na kweli vyote viwili hufanya kazi kwa dawa ileile inayokaza ulimi. Chai nzito yenye uvuguvugu, mfupa ukilala humo usiku kucha au zaidi, huleta kahawia nyepesi yenye umanjano. Tumia chombo cha kioo au cha udongo. Chuma kikikutana na chai huleta weusi. Ya pili ni pamanganeti. Maji yake ni ya zambarau, lakini mfupa hutoka kahawia, na kwa haraka, kwa hiyo changanya hafifu na uhesabu dakika. Ni dawa kali. Huchoma ngozi, na ikikutana na gliserini huweza kuwaka moto yenyewe, hivyo isiwekwe kabati moja na vitu vya nyumbani. Ya tatu ni rangi ya ngozi ya mafundi viatu, ile ya spiriti. Huingia vizuri lakini husamehe kidogo.

Kwa maoni yangu, anza na chai hata kama unataka kahawia iliyokolea. Mfupa uliopauka unaweza kukolezwa kesho, lakini uliokolea haurudi ila kwa msasa, na msasa utakula mpini wenyewe. Tena tazama madini yaliyo karibu: shaba ya njano hupatana na kahawia yenye wekundu, na chuma cheupe hung'aa zaidi kando ya kahawia nzito. Jaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki vya mfupa huohuo, na uvitazame vikiwa vimekauka, mchana, mlangoni. Mfupa uliolowa hudanganya, na taa ya umeme hudanganya zaidi.

Kwa kile kisu cha baba, usijaribu kuufikia weusi wa upande wa zamani. Weusi ule si rangi tupu, umo na jasho na mafuta ya mkono wake. Uache upande mpya mwepesi kidogo, usugue kwa nta, kisha kitie kisu mfukoni ukitumie.