Breki Laini Baada ya Matengenezo

Wakulima wengi wana pikapu zao za kupelekea viazi, mboga na maziwa sokoni, na wengine hujibadilishia pedi za breki nyumbani ili kupunguza gharama. Lakini mara nyingi kazi ikiisha, pedali huwa laini kama sponji, au huzama mpaka chini. Gari la namna hii lisitoke uani, wala lisipakiwe mzigo, mpaka sababu ijulikane.

Sababu yake

Ukikanyaga pedali, silinda kuu husukuma mafuta ya breki katika mabomba hadi magurudumuni. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika kwenye breki. Hewa hubonyea. Bomba likifunguliwa, au mafuta yakiisha katika kikopo chake, hewa huingia, na nguvu ya mguu huishia kuibana hewa hiyo.

Sikiliza mguu wako

Kwanza: Pedali ikizama baada ya kuweka pedi mpya tu, huenda hakuna kasoro. Pistoni zilirudishwa nyuma ili pedi ziingie. Kanyaga mara kadhaa, gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu.

Pili: Ikiwa ngumu ukiikanyaga upesi upesi, kisha ikalainika tena ukiiacha, kuna hewa ndani, au breki za nyuma zilizo katika drami zimelegea na zataka kukazwa.

Tatu: Ukiikanyaga bila kuachia nayo ikashuka polepole, mafuta yanavuja. Pangusa kila kiungo ulichofungua utafute unyevu. Kama pote ni pakavu, yawezekana mipira ya ndani ya silinda kuu imekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kutoa hewa

Kazi hii yataka watu wawili. Simamisha gari mahali tambarare na uzibe magurudumu kwa mawe. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Katika magari yetu mengi ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu.

Vika mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa, ncha ya pili izame katika chupa yenye mafuta safi ya breki. Mwenzako akanyage na kushikilia. Wewe fungua skrubu kidogo, mapovu yatoke, kisha ufunge, ndipo aachie. Akiachia mapema, hewa hurudi. Endelea hadi mapovu yaishe, huku ukiongeza mafuta kikoponi.

Skrubu hiyo yapasa kuwa sehemu ya juu ya kalipa. Ikiwa chini, huenda kalipa za kushoto na kulia zimebadilishana, na hewa haitatoka hata ukishinda hapo kutwa.

Mafuta yafaayo

Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4, kutoka kopo jipya. Mafuta ya injini huvimbisha mipira na kuiharibu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikiisha kunyonya maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Katika mteremko mrefu kama ule wa Limuru kwenda Mai Mahiu, breki hupata moto sana, na mafuta machakavu yakichemka pedali hulainika papo hapo.

Kabla ya kutoka

Injini ikiwa imezimwa, pedali iwe ngumu na isishuke. Ukiwasha injini itashuka kidogo. Hiyo si kasoro. Kisha jaribu gari polepole uani. Ikibaki laini, mwite fundi aje kwako, usilipeleke gari kwake. Gari lisilokwenda ni hasara, lakini gari lisilosimama ni mauti.