Pini Iliyodhaniwa Imekufa: Kutafuta Kasoro ya Mapigo ya Umeme Katika Kompyuta Ndogo

Chukua mfano wa wanafunzi wa sekondari wanaotengeneza mkono wa mashine kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Mkono huo huzungushwa na mota ndogo aina ya servo, nayo servo hupokea amri kutoka kwa Raspberry Pi 3, kompyuta iliyojengwa juu ya bodi moja yenye urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56. Programu imeandikwa, waya zimeunganishwa, umeme umewashwa, mkono hausogei. Mwanafunzi mmoja agusisha ncha za voltimita kwenye pini inayotoa ishara, aona robo ya volti tu, na kutamka kwamba pini imeungua. Bodi yawekwa kando, na mwalimu aanza kufikiria zitakakotoka fedha za kununulia nyingine.

Hukumu hiyo imetolewa mapema mno. Yawezekana kabisa kwamba robo ya volti ndiyo ushahidi kuwa pini hiyo ni nzima.

Namna pini inavyofanya kazi

Kompyuta za jina hilo zilianza kuuzwa nchini Uingereza tarehe 29 Februari 2012, kwa shabaha ya kuwafundisha vijana kompyuta kwa gharama ndogo. Pini zake za kutolea ishara hazina uwezo wa kutoa volti za kiasi chochote kile. Kila pini ina hali mbili tu: ama volti 0, ama volti 3.3. Ili kupata matokeo yaliyo kati ya hali hizo, kompyuta huiwasha na kuizima pini kwa haraka, na hubadilisha urefu wa muda wa kuwaka katika kila mzunguko. Muda wa mzunguko mzima huitwa kipindi, na sehemu ambayo pini imewaka ni pigo. Njia hii ya kurekebisha upana wa mapigo ndiyo inayotajwa katika michoro kwa herufi PWM.

Taa ndogo ikipewa mapigo ya haraka yanayochukua nusu ya kipindi, jicho huona mwanga uliopungua, kwa maana haliwezi kufuata kuwaka na kuzimika kwake. Servo haifanyi hivyo. Yenyewe hupima urefu wa kila pigo. Servo nyingi za kawaida hutarajia pigo moja kila milisekunde 20, yaani mara 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde 1 huupeleka mhimili upande mmoja, la milisekunde 2 huupeleka upande wa pili, na la milisekunde 1.5 huuweka katikati.

Hesabu kabla ya kipimo

Voltimita ya kawaida nayo haiwezi kufuata mapigo hayo. Huonyesha wastani wake. Basi kwa pigo la milisekunde 1.5 katika kipindi cha milisekunde 20, kipimo kinachotarajiwa ni 1.5 ikigawanywa kwa 20, kisha ikizidishwa kwa 3.3. Jibu ni volti 0.2475, yaani robo ya volti. Mwanafunzi aliyepima kabla ya kukokotoa alitazama jibu sahihi akaliita kosa.

Liko jaribio rahisi la kuthibitisha jambo hili. Waya wa servo uchomolewe kwanza, kisha pigo liongezwe hadi milisekunde 10. Voltimita yapasa kuonyesha karibu volti 1.65. Pigo likipunguzwa hadi milisekunde 5, kipimo kishuke hadi karibu volti 0.83. Endapo kipimo kinafuata hesabu, pini ni nzima, na kasoro itafutwe mbele yake, upande wa servo.

Endapo kipimo ni sifuri

Voltimita ikionyesha sifuri daima, uchunguzi urudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwenye pini kuelekea kwenye programu.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba pini inayopimwa ndiyo iliyokusudiwa. Bodi hii ina safu mbili za pini, jumla yake 40, na kila pini ya ishara ina namba mbili: namba ya mahali pake katika safu na namba yake ndani ya chipu. Pini inayoitwa GPIO 18 iko mahali pa 12. Anayehesabu hadi mahali pa 18 huangukia GPIO 24, ambayo haina mtambo wa mapigo. Katika bodi hii mtambo huo hufika kwenye GPIO 12, 13, 18 na 19 pekee.

Hatua ya pili ni kuuliza pini imepewa kazi gani. Ndani ya chipu, pini moja yaweza kutumikia kazi mbalimbali, na kompyuta iwashwapo pini hizi huwa za kupokea ishara, si za kutoa. Mstari dtoverlay=pwm,pin=18,func=2 hauna budi uandikwe katika faili la config.txt, kisha kompyuta iwashwe upya. Tangu toleo la mfumo la mwaka 2023, faili hilo limo katika folda /boot/firmware. Anayefuata maelekezo ya miaka ya nyuma aweza kuandika mahali ambapo hapasomwi tena. Amri pinctrl get 18 itaonyesha kama pini imekwisha kupewa kazi ya PWM.

Hatua ya tatu ni mpangilio wa amri. Linux huuweka mtambo huu kama mafaili katika folda /sys/class/pwm, na vipimo vyake ni vya nanosekunde. Milisekunde 20 huandikwa 20000000, na milisekunde 1.5 huandikwa 1500000. Kipindi kitangulie, kisha pigo, na mwisho idhini ya kuwasha, yaani namba 1 katika faili la enable. Pigo likiandikwa kabla ya kipindi, mfumo hulikataa, kwani pigo haliwezi kuzidi kipindi chake. Idhini ikisahauliwa, kila kitu kitaonekana kimekubaliwa, na pini itabaki kimya.

Hatua ya nne ni kutazama kama mtambo unagombewa. Katika Raspberry Pi 3, sauti ya tundu la spika hutengenezwa na mtambo huu huu wa mapigo. Programu ya muziki ikianza, mapigo ya servo huvurugika. Ni vyema sauti hiyo izimwe wakati wa jaribio.

Tahadhari

Pini za bodi hii hazistahimili zaidi ya volti 3.3. Anayegusisha waya wa volti 5 kwenye pini ya ishara ili aone kama iko hai aweza kuiua kwa kuichunguza. Mota nayo isipewe umeme kutoka katika pini ya ishara. Ipewe chanzo chake cha volti 5, na waya hasi wa chanzo hicho uunganishwe na pini ya ardhi ya bodi. Bila kiungo hicho servo haina rejeo la kulinganishia ishara, hata kama mapigo ni sahihi.

Hapo ndipo wanafunzi wa mfano wetu wanapopaswa kuanzia. Robo ya volti imekwisha kuwaonyesha kwamba namba ya pini, kazi yake na amri zake ni sawa. Kilichobaki ni chanzo cha umeme cha servo, waya wa ardhi, na servo yenyewe. Wabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila kipimo wakiandike daftarini kando ya hesabu yake. Waya wa ardhi ukionekana umesahauliwa, tengenezo zima litagharimu kipande cha waya, na bodi iliyowekwa kando itarudi mezani kabla ya siku ya maonyesho.