Kupima Mvuke wa Dawa kwa Mizani ya Joto

Kipande cha karafuu maiti kikiachwa sandukuni hupungua siku hata siku, na mwisho hutoweka. Wala pale kilipokuwa hapaonekani umajimaji. Hakikuyeyuka, kwa maana kuyeyuka ni kitu kigumu kuwa maji. Kimegeuka mvuke moja kwa moja. Mazungumzo ya kila siku hayana haja ya kutenga mambo haya mawili, na mwenye sanduku husema tu kwamba kafuri imekwisha. Kwa mtengenezaji wa dawa tofauti hiyo ni kubwa, kwani kafeini, ibuprofeni na dawa nyingine ngumu zina tabia iyo hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo mno.

Udogo huo usidharauliwe. Kidonge cha nitrogliserini, ambacho mgonjwa wa moyo hukiweka chini ya ulimi, huwa na dawa isiyofika miligramu moja. Nitrogliserini yenyewe ni umajimaji, lakini hasara ni ile ile: mvuke hutoka kidongeni ukaingia katika pamba na plastiki, na kidonge hubaki na umbo lake na rangi yake, hali nguvu imepungua. Mgonjwa hana njia ya kujua hayo mpaka maumivu ya kifua yamshike. Ndiyo sababu vidonge hivyo huwekwa katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza.

Kinachopimwa ni msukumo wa mvuke, yaani nguvu ya mvuke juu ya kila eneo la kuta za chombo kilichofungwa, wakati molekuli zitokazo na zirudizo zinapolingana. Msukumo wa asidi benzoiki kwenye 25°C ni kama Paskali 0.1, ambayo ni karibu sehemu moja katika milioni ya msukumo wa hewa. Badala ya kupima nguvu ndogo hivi, yafaa kupima uzito unaopotea.

Mizani ya joto, ambayo Kotaro Honda wa Japani aliieleza mwaka 1915, ni mizani nyepesi ambayo sahani yake imo ndani ya tanuri. Miligramu chache za dawa huwekwa humo, naitrojeni hupitishwa juu yake, na uzito huandikwa kadiri joto linavyopanda. Kanuni ya hesabu ni ya Irving Langmuir, Mmarekani aliyechunguza nyuzi za tangsteni za taa mwaka 1913: uzito upoteao kwa dakika hufuata msukumo wa mvuke, ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha uzito wa molekuli uliogawanywa kwa joto halisi. Lakini Langmuir alifanya kazi penye ombwe. Ndani ya naitrojeni molekuli nyingi hugongwa zikarudi, hivyo hesabu yake haitoshi. Hupimwa kwanza asidi benzoiki, ambayo msukumo wake wajulikana, kwa sahani ile ile na mwendo ule ule wa gesi. Tofauti ipatikanayo ndiyo hutumika kusahihisha dawa ngeni.

Hata hapo mizani yaweza kudanganya, maana huona upungufu tu, haioni sababu yake. Dawa iliyoungua hupungua sawasawa na iliyogeuka mvuke. Joto likishikwa pamoja, na uso wa dawa usipobadilika, upungufu wa kila dakika hauna budi kuwa mmoja. Ukiyumba, pana shaka. Aliye mwangalifu hukusanya pia kile kilichoganda mahali pa baridi, akakitambua.

Kosa la pili ni la hila zaidi. Logi ya msukumo, ikichorwa dhidi ya kinyume cha joto halisi, hutoa mstari ulionyooka, na mwinamo wake ndio kipimo cha joto linalohitajika kuugeuza ugumu kuwa mvuke. Mstari huo hupinda dawa iyeyukapo; kwa asidi benzoiki, kwenye 122°C. Juu ya hapo mwinamo hulegea, kwa kuwa kazi ya kuyeyusha imekwisha kufanywa. Anayechukua vipimo vya juu tu, akaurefusha mstari hadi joto la ghala, huona dawa ina mvuke mwingi kuliko ilivyo kweli.